Nilivyohamisha picha za harusi kutoka mtandaoni bila ruhusa ya kuziangalia

Wakuu, salaam kwenu nyote, wa pwani na wa bara.

Humu mimi ni msomaji wa kimya wa muda mrefu. Leo naandika kwa sababu kuna jambo limenirudia juzi na kichwa changu hakijatulia. Ni la kweli na lilinipata mimi mwenyewe. Majina nimebadilisha, mengine nimeacha kama yalivyokuwa. Atakayeona ni uongo apite tu, sina ugomvi na mtu.

Ni habari ya mwishoni mwa miaka ya tisini, Mombasa. Vijana mnaoongea mambo ya cloud kama yamezaliwa juzi, kaeni chini. Sisi tulihamishwa kutoka kwenye cloud iliyofungwa wakati neno lenyewe hatujalisikia.

Nilikuwa nafanya kazi kwenye ofisi ya kompyuta pale Makadara. Kuchapa barua, kupokea faksi, kutuma imeili. Kompyuta zilikuwa mbili, moja ya kuchapa na moja ya mtandao. Mtandao wenyewe ulipita kwenye laini ya simu. Modemu inalia kama paka aliyebanwa na mlango, halafu mtu akinyanyua simu chumba cha pili, kwisha, unaanza upya.

Mimi ni Mgiriama wa Kaloleni, Mkristo. Nasema hivyo si kwa kujitambulisha tu, mbele mtaona linahusika.

Mteja wangu wa kudumu alikuwa Bi Swafiya, mwanamke wa Mji wa Kale aliyekuwa akitengeneza achari nyumbani na kuuza madukani. Alikuja kila mara kumwandikia imeili mdogo wake, Rukia, aliyeolewa akapelekwa Kanada. Akiingia na buibui lake alikuwa anasalimia kwa utaratibu. Anaulizia wazazi wangu, ndugu zangu, mvua ya Kaloleni, ndipo tunaanza kazi.

Siku moja akaingia bila hata kunisabahi. Nikajua kuna jambo.

"Kazungu, hebu nisomee hini," akasema. "Maneno nayafahamu lakini maana siifahamu."

Ilikuwa imeili ya Kiingereza kutoka kampuni moja ya Marekani. Ilisema huduma yao ya kuhifadhi mafaili mtandaoni inafungwa mwisho wa mwezi. Wenye vitu vyao waje wavichukue, baada ya hapo kila kitu kitafutwa.

Nikamuuliza, kwani wewe una nini huko?

"Mamangu," akasema.

Nikabaki nimemkodolea macho. Marehemu mama yake ninamjua kwa jina, na najua alizikwa. Sasa Marekani anafanya nini?

Akanieleza. Rukia alipoolewa kulikuwa na kupamba. Kwa wasiojua, hiyo ni shughuli ya wanawake peke yao, mwanamume hasogei. Mabuibui yanavuliwa mlangoni, nywele zinaachiwa, asumini zinavaliwa, na chakacha inachezwa mpaka jasho. Mpiga picha naye ni mwanamke. Siku ile alikuwa Shirini, binti wa Kihindi ambaye baba yake alikuwa na studio mjini.

Mama yao alikuwa mtu ambaye wanaume wa nje hawakuwahi kuona hata unywele wake mmoja. Siku ile alijifunga leso kiunoni akaingia katikati akacheza. Wanawake wakapiga vigelegele, Shirini akapiga picha.

Sasa sikilizeni jinsi watu hawa walivyokuwa makini na stara, maana humo ndimo mambo yote yalimoharibikia.

Picha ziliposafishwa, mama alizichukua negativu zote akazitia kwenye seredani, zikaungua mbele ya macho yake. Hakutaka zikae studio, wanaume wanaingia na kutoka. Albamu akapewa bi harusi. Kabla Rukia hajasafiri, Shirini akaziskani picha akaziweka kwenye ile diski ya bure ya mtandaoni, nenosiri wakilijua dada wawili tu, ili aliyeko Kanada na aliyeko Mombasa wote waone. Kisha akafuta kila kitu kwenye kompyuta ya studio, kwa sababu kaka zake nao huitumia.

Albamu ikapotea safarini pamoja na sanduku la Rukia. Mwaka uliofuata mama akafariki. Rukia hakuwahi maziko.

Kwa hivyo uso wa yule mama, ukiacha ule wa kwenye kitambulisho ambao hata mwenyewe alikuwa akiukana, ulikuwa umebaki mahali pamoja tu duniani. Na mahali penyewe panafungwa mwisho wa mwezi.

"Rukia yuwaja," Bi Swafiya akaniambia. "Yuwaja kuzuru kaburi. Albamu ilimpotea mkononi mwake, na sasa asema hata uso wa mama waanza kumpotea. Akija nimpe nini, Kazungu? Nimpe achari?"

Nikamwambia usiwe na wasiwasi, hii kazi ndogo. Nikavuta kiti, nikamwomba nenosiri.

Akanitazama kama nimemtukana.

"Wewe huziangalii," akasema.

Hapo ndipo kuchanganyikiwa kwangu kulipoanza, na niseme ukweli hakujaisha hadi leo. Nihamishe picha nisizozitazama? Ni sawa na kuambiwa hamisha vyombo vya nyumba lakini nyumba usiingie.

Lakini nilimwelewa. Hakuwa ananidharau. Mama mwenyewe alizichoma negativu kwa mkono wake, basi binti angeanzia wapi kumwanika mbele ya karani wa Makadara?

Tukapanga hivi. Kompyuta ya mtandao ilikuwa nyuma ya ubao wa plaiwudi. Yeye aketi mbele ya skrini. Mimi nisimame upande wa faksi, uso nimeupa ukuta, nimwelekeze kwa mdomo. Kwenye upenyo akatundika leso aliyokuja nayo mkobani, pazia kamili.

Najua kuna mjuaji hapa ataandika: ungezima picha kwenye browser ukazihamisha kwa majina tu. Asante sana, leo najua. Wakati ule nilikuwa mchapaji barua. Mtandao nilifundishwa na tajiri wangu kwa mchana mmoja, na yeye alifundishwa na mtu aliyemuuzia modemu.

Kazi ikawa hivi.

"Unaona nini?"

"Naona tangazo la gari."

"Chini yake?"

"Chini yake... Rukia na hina yake."

"Sawa. Juu kabisa kushoto pana neno File. Bonyeza."

"Nishabonyeza. Yamemwaika maneno."

"Tafuta Save As."

File, halafu Save As. Ndiyo njia niliyoijua. Barua zote za Makadara nilizihifadhi hivyo, na hakuna hata moja iliyowahi kunigeuka. Haikunijia akilini kwamba picha iliyo ndani ya ukurasa wa mtandao si barua.

Laini ilikatika tukarudia, ikakatika tukarudia. Mara Bi Swafiya anasahau kazi anaanza kuangalia. Nasikia kimya, nakohoa kidogo, tunaendelea. Mpaka zote zikawa kwenye flopi. Majina akanisomea, yako sawasawa.

Jambo moja lilinitatiza. Picha za harusi nzima ziliingia kwenye flopi moja na nafasi ikabaki. Mimi nilishawahi kuona picha moja tu ya mteja ikiijaza flopi. Nikajiambia labda Wamarekani wana namna yao ya kuzibana. Mtu asiyejua huwa hakosi sababu.

Nikamwambia afungue moja kutoka kwenye flopi tuhakikishe. Modemu ilikuwa bado imeshika laini, likumbukeni hilo.

"Yuwaonekana," akasema, na sauti ikabadilika. "Mamangu huyu. Huyu hapa."

Alikaa pale kitambo. Mimi nikaendelea na ukuta wangu. Palikuwa na kalenda ya kiwanda cha unga, nikaisoma yote na sikukuu zake.

Alipomaliza akataka kila kitu kifutwe kwenye mashine. Nikamwelekeza afute kwa mkono wake, ile folda ambamo browser huweka yaliyopita, na pipa la taka pia. Hakutoka mpaka alipojisomea kwa sauti kwamba hamna kitu. Akanishukuru, siku ya pili akaniletea chupa ya achari ya embe. Nikajiona fundi.

Mwezi ukaisha, kampuni ikafunga.

Rukia akiwa karibu kufika, Bi Swafiya akaja na flopi yake ili azitazame tena na kuzipanga, za hina kwanza, za mama mwisho. Leso ikatundikwa. Mimi nikaenda ukutani bila kuambiwa.

Nikasikia flopi ikisomwa.

"Kazungu," akaita. "Hapa pana visanduku vitupu. Kila kisanduku kina kimsalaba chekundu. Huu msalaba ni wenu ama ni wa Wamarekani?"

Siku nyingine ningecheka mpaka nikae chini. Siku ile sikucheka. Nikamwambia afungue nyingine. Kisanduku na kimsalaba. Nyingine. Vilevile.

Ilinichukua muda kuelewa, na nilipoelewa nilitamani nisingeelewa. Tulichohifadhi ni ukurasa, si picha. Tulibeba fremu, picha tukaiacha ukutani kwa Wamarekani. Na sasa ile nyumba imebomolewa.

Nikamweleza.

"Mbona siku ile nilimuona?" akauliza. "Nilifungua kwenye flopi nikamuona!"

Nikamwambia siku ile laini ilikuwa imeshika. Kompyuta ilisoma fremu, ikaenda Marekani yenyewe kuchukua picha, ikamletea.

"Kwa hivyo mimi nilikuwa namuangalia aliko Marekani?"

"Naam."

"Nami nikidhani yuko mkononi mwangu."

Akakaa kwenye kiti cha wateja akalia. Si kwa kelele. Mteja aliyekuja na faksi akatutazama, akaweka karatasi yake juu ya meza, akatoka. Nilikuwa na hasira, wakuu. Hasira na Wamarekani, hasira na Save As, hasira na kompyuta inayokuonyesha kitu ambacho hakimo. Hadi leo nikiona kitu kwenye skrini nauliza kwanza, kiko hapa ama kiko kwao?

Kisha nikakumbuka kitu. Gazeti moja la kompyuta alilolinunua tajiri lilikuja na sidii, na ndani ya sidii mlikuwa na programu ya kurudisha vilivyofutwa. Kufuta kwenye kompyuta si kuondoa. Kompyuta inasahau tu mahali kitu kilipo, mpaka siku itakapohitaji nafasi na kuandika kingine juu yake. Na zile picha zilipita kwenye mashine yetu. Tulizifuta wenyewe.

Nikamwambia Bi Swafiya asikate tamaa bado. Nikamwomba tajiri ile mashine isiguswe. Akaguna, akakubali.

Programu ikafanya kazi tangu asubuhi. Ikafufua rundo la mafaili, picha za kila namna, majina yamepotea, yamebaki namba. Nikasema nitazitenga kwa tarehe. Wapi! Betri ya saa ya ile kompyuta ilikuwa imekufa zamani, kila ikiwashwa inajidhania iko siku ileile. Mafaili yote yalikuwa na tarehe moja.

Nikasema basi, nifungue moja tu nijue kama zinafunguka. Moja, nikiomba iwe ya keki.

Haikuwa ya keki. Alikuwa ni mzungu mwanamke, na alichokuwa amevaa ni saa ya mkononi.

Nikaifunga mbio, nikatazama nyuma kama kuna mtu. Ndipo nikafahamu. Kompyuta ile waliitumia wanaume wa mji mzima. Kila walichokuwa wakichungulia huku wakisema wanaandika imeili kilikuwa kimefufuka, kimechanganyika na harusi ya Rukia.

Bi Swafiya alipokuja nikamwambia picha zimo, lakini zimechanganyika na za watu wengine, tena si nzuri. Akasema yeye mtu mzima, ana watoto, ataangalia. Akaketi. Nikasikia kitufe kikibonyezwa, halafu "Audhubillahi!" na kiti kikaanguka. Akatoka nyuma ya pazia amejifunika uso kwa mikono miwili.

Tazameni sasa tulipofika. Za wale wengine yeye hawezi kuziangalia. Zake mimi siruhusiwi kuziangalia. Na ili kujua ipi ni ipi, lazima mtu aziangalie zote.

Nikataja Shirini wa studio.

"Mwana wa watu hajaolewa," akasema. "Nimuonyeshe laana hini? Babake atanambia nini?"

Akaketi kwenye kiti cha wateja. Mimi nilikuwa nishaona mwisho wa jambo. Ghafla akainuka, akajifunga buibui vizuri.

"Nitamleta Somo," akasema.

Kwa wa bara: somo ni mwanamke anayemfunda mwari, anamfundisha mambo ya ndoa na ya mwili wake kabla hajaingia chumbani. Aliyemfunda Rukia alikuwa Bi Rehema, na siku ya kupamba alikuwepo, anawajua wote kwa sura. Hakuna kitu kilicho chini ya nguo za binadamu kinachomshtua.

Akaja. Mwanamke mpana, mdomo umeiva kwa tambuu. Nikamwamkia kwa adabu.

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiwe uliyewafufua hawa mashetani?"

Nikasema ndimi, Bi Rehema. Akacheka, akapita nyuma ya leso, akaketi. Nikamwonyesha kwa maneno kitufe kimoja tu cha kubonyeza ili iende nyingine. Bi Swafiya akasimama na mimi upande wa faksi. Sasa tukawa wawili tunaoangalia ukuta.

"Si yetu," akasema Bi Rehema. "Si yetu. Si yetu. Hini ni motokaa. Si yetu."

Kitufe kinalia tu.

"Huyu naye wamemkunja vipi? Atavunjika kiuno, na raha yenyewe haipati."

"Somo!" Bi Swafiya akasema.

"Nyamaa wewe, mimi niko kazini. Si yetu. Kazungu, wanaume wa Makadara hawana kazi?"

Nikajibu sijui, Bi Rehema. Masikio yalikuwa yanawaka.

"Hini... hini yetu! Miguu ya Rukia. Hina na piko nilimtia mimi mwenyewe."

Bi Swafiya akanishika mkono wa shati, akauachia haraka.

Ikaendelea hivyo. Nyingi hazikufunguka, nyingine zilifunguka kipande. Ile mashine ilikuwa imeendelea kutumika baada ya sisi kufuta, na vitu vipya vilikuwa vimekalia mahali pa vya zamani. Adhana ya alasiri ikaita, Bi Rehema akaenda kutia udhu kwenye bomba la nyuma, akaswali kando ya mashine ya kupiga chapa, akarudi kwa laana zake kama aliyeacha kuchambua mchele. Kila yetu aliyoipata nilimwelekeza aandike namba yake pembeni.

Kipande cha keki. Migongo ya wanawake. Rukia nusu. Mama hayupo.

Nilianza kujitayarisha kwa maneno ya kumpa pole mtu. Kitufe kikanyamaza.

Tukasubiri. Bi Rehema hakusema si yetu wala hakusema yetu.

"Swafiya," akasema polepole. "Ndoo hapa, utazame."

Bi Swafiya akaingia. Nikasikia Bi Rehema akimwambia, "Imekatika, mwanangu."

Sikuweza kujizuia, nikauliza huku nimeangalia kalenda: imekatika wapi?

"Puani," Bi Rehema akanijibu. "Nyele ziko, na asumini, na mato. Kutoka puani kuteremka ni kijivu tu."

Nilivunjika moyo. Picha za kompyuta huhifadhiwa kutoka juu kwenda chini, na kipande cha chini cha ile kilikuwa kimekaliwa na kitu kingine, labda motokaa, labda yule wa saa ya mkononi. Kazi yote ile, aibu yote ile, kwa nusu ya uso, nywele na macho tu. Nikaona ni bora angekosa kabisa.

"Somo, mwangalie mato," Bi Swafiya akasema.

Nikamsikia akivuta kiti karibu.

"Mato yacheka. Tazama. Mdomo hauko, na mamangu yuwacheka."

Bi Rehema akapiga kigelegele. Kimoja, kirefu, mchana kweupe, ndani ya ofisi ya kuchapa barua. Watu wa barabarani wakachungulia mlangoni. Tajiri akatoka chumba cha pili akauliza kuna nini. Nikamwambia faili limepatikana, nikageuka tena ukutani ili asinione machozi.

Tukanakili zilizokuwa zetu, safari hii picha zenyewe, na nikamtaka Bi Swafiya azifungue kutoka kwenye flopi nikiwa nimeuchomoa waya wa simu. Macho yalikuwepo.

Nikamshauri aende kwa Shirini akaichapishe kwenye karatasi. Akakataa. Karatasi haina nenosiri, akasema, karatasi huanguka. Akataka flopi mbili, moja ya Rukia. Nikadhani ya pili ni yake.

Nikamuuliza, na mashine nifute?

"Mashine futa. Lakini hini ya pili kaa nayo wewe."

"Mimi?"

"Sisi kwetu twajua kufuta na kuficha. Mama alichoma, Shirini akafuta, nami nikafuta kwa mkono wangu. Ikikaa kwetu itapotea kwa stara yetu wenyewe. Kaa nayo. Wewe hutaifungua."

Hakuniuliza kama nitaifungua. Aliniambia sitaifungua. Nikamtazama Bi Rehema, akatikisa kichwa kukubali, akatafuna tambuu yake. Nikaipokea ikiwa ndani ya bahasha iliyogundishwa pande zote. Sikuelewa, na sikuthubutu kukataa.

Rukia akaja, akazuru kaburi, akarudi Kanada na yake. Mimi baadaye nikahama Mombasa, nikaoa, nikabadilisha kazi. Bahasha ilihama na mimi kila nyumba. Mke wangu aliwahi kuuliza ina nini, nikamwambia ni ya watu.

Bi Swafiya nami tumeendelea kupigiana simu Idi na Krismasi. Juzi akanipigia siku isiyo ya sikukuu. Bi Rehema alishatangulia mbele ya haki. Flopi ya Rukia waliipeleka kwa fundi huko Kanada, haisomeki tena, imekufa. Akaniuliza, ile yako unayo?

Nikasema ninayo.

"Nzima?"

Wakuu, ningejibu nini? Sijui. Kujua lazima niifungue.

Nikamwambia hivyo, akasema: "Basi fungua, Kazungu. Uangalie. Nimekuruhusu."

Funzo langu ni hili. Huduma ya bure ikikuambia inafunga, usihesabu majina, fungua kila faili, na ufungue ukiwa umekata mtandao. Nakala ambayo hujaifungua usiiite nakala. Nawaambia nyinyi, na mimi mwenyewe nina moja kabatini ambayo nimekaa nayo umri mzima hivyo hivyo.

Kama kuna mtu Mombasa au Kilifi ana kisomeo cha flopi kinachofanya kazi, aniandikie hapa chini. Na kama una maoni mengine yaandike vilevile, hata ukinicheka sawa, kwa sababu nimeitoa bahasha, nimeiweka mezani, na tangu juzi naizunguka tu.

Bi Swafiya ameniruhusu kuangalia. Mwenye nywele zake hakuniruhusu, na hayupo wa kumuuliza.

Ninyi mngefungua?